Nionyeshe Mstari: Kusoma Kiingereza cha Biashara kwa Kubishana kwa Kiswahili

Katika mtihani wa ufahamu wa Kiingereza cha biashara, jibu baya hutungwa kwa uangalifu mwingi kuliko jibu sahihi. Jibu sahihi linatakiwa tu kukubaliana na kifungu. Jibu baya lina kazi kubwa zaidi: limvute aliyesoma mbio, limvute aliyeona neno analolijua akalirukia, limvute hata yule anayeijua biashara yenyewe kuliko mwandishi wa kifungu. Kwa hiyo siwaambii wanafunzi wangu "someni kwa makini," maana kila mtu anaamini kwamba tayari anasoma kwa makini. Nawaambia hivi: chagua jibu, kisha litetee kwa Kiswahili mbele ya wenzako mpaka utuonyeshe mstari unaolibeba.

Nawafundisha watu wazima hapa Nakuru, jioni za katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi, katika chumba cha ghorofani si mbali na Kenyatta Avenue. Wengi huja moja kwa moja kutoka kazini. Yuko karani wa sako (chama cha akiba na mikopo), yuko kijana anayeuza vipuri vya matrekta, yuko dada wa mapokezi hotelini, yuko mzee aliyestaafu benki anayetaka kazi za ushauri, na yuko mama anayesimamia banda la kupakia maua kule Naivasha, ambaye hupanda matatu saa nzima na zaidi ili atufikie. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini biashara ya kaunti hii ilivuka bahari zamani. Maua ya Naivasha huuzwa katika mnada wa Aalsmeer nchini Uholanzi na kwa wanunuzi wengine wa Ulaya, na kila sanduku linalopanda ndege limetanguliwa na barua pepe, mkataba na ankara, na pengine hufuatwa na malalamiko, vyote kwa Kiingereza. Anayezisoma vibaya barua hizo anaitia kampuni hasara. Baadhi ya wanafunzi wangu wametumwa na waajiri wao kutafuta cheti. Wengine wamejituma wenyewe kwa sababu wamechoka kumwomba mtu mwingine awasomee.

Wengi wetu tunajiandaa kwa mtihani wa Cambridge uitwao Business Vantage, ulio ngazi ya B2 katika vipimo vya lugha vya Baraza la Ulaya. Karatasi ya kusoma ni ya saa moja, maswali 45 katika sehemu tano, nayo ni robo ya alama zote. Robo tatu zilizobaki ni za kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Wachache wanalenga TOEIC, mtihani wa shirika la ETS la Marekani ulioanzia Japani mwaka 1979, ambao sehemu yake ya kusoma ina maswali 100 kwa dakika 75, na 54 kati ya hayo ni ya ufahamu wa vifungu. Miundo inatofautiana. Mitego ni ile ile.

Tatizo la kwanza tunalolikuta chumbani linatoka shuleni. Mtu aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, anaikumbuka karatasi ya pili ya Kiingereza: kifungu cha ufahamu, alama 20, na majibu unayoyaandika mwenyewe. Mbinu iliyowavusha wengi ilikuwa kutafuta sentensi inayofanana na swali, kuinyanyua jinsi ilivyo na kuiweka kwenye nafasi ya jibu. Mara nyingi ilileta alama. Katika mtihani wa biashara, mbinu hiyo ndiyo hasa inayowindwa. Mtungaji huyachukua maneno ya kifungu akayapachika kwenye jibu baya, kisha jibu sahihi akalisema kwa maneno ambayo huyaoni popote kwenye kifungu. Kifungu kikisema kampuni ilipunguza wafanyakazi ili ipate pesa za kufungua tawi jipya, jibu sahihi litasema wakuu wake walielekeza fedha kwenye upanuzi. Jibu baya litataja tawi jipya na wafanyakazi katika sentensi moja, lakini kwa maana ya kwamba tawi jipya liliajiri watu. Anayefananisha maneno atalichagua hilo, na atalichagua bila wasiwasi wowote.

Tatizo la pili huwapata hodari, na ndilo linalonigusa zaidi.

Kuna kifungu nilichokitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa sehemu ya tatu ya karatasi ya Cambridge, ambayo huwa na kifungu kirefu cha maneno kama 500 na maswali sita ya kuchagua A, B, C au D. Kilimhusu mkulima wa maua aliyempoteza mnunuzi wake mkubwa. Kilieleza kwamba mizigo ilichelewa mara kadhaa na mnunuzi akalalamika, lakini akavumilia. Kilichomwondoa ni kwamba ankara hazikulingana na idadi ya masanduku yaliyofika, na alipouliza hakuna aliyemjibu. Swali: kwa nini mnunuzi aliondoka?

Mama wa banda la maua alichagua kuchelewa kwa mizigo. Nilipomuuliza hakusita.

"Mwalimu, hii kazi nimeifanya tangu watoto wangu wakiwa nasari. Maua yakichelewa yamekufa. Mnunuzi hawezi kungoja."

"Kweli kabisa, mama. Lakini mstari uko wapi?"

Akaonyesha aya ya pili, palipotajwa kuchelewa. Karani wa sako akamwomba kwa upole asome mpaka mwisho wa aya. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

"Inasema alilalamika," akasema. "Haijasema alienda." Kisha akanitazama. "Sasa wanataka nisahau kazi yangu?"

Lilikuwa swali la haki, na tulilizungumza jioni nzima. Kazi yake ilimfanya akielewe kifungu upesi kuliko sisi wote. Alijua ankara huandikwa wakati gani, masanduku huhesabiwa wapi, na kwa nini mtu wa ofisini na mtu wa bandani wanaweza kuwa na hesabu mbili tofauti za mzigo mmoja. Mzee wa benki ilibidi aelezwe hayo. Ujuzi wa namna hiyo ni mali. Mtahiniwa asiye nao hupoteza dakika akijenga picha ambayo mwenzake anayo tayari. Lakini ukifika wakati wa kuchagua herufi, ujuzi hauhesabiwi. Kinachoulizwa ni alichosema mwandishi huyu kuhusu mnunuzi huyu. Nami naliona sharti hilo kuwa la kweli hata nje ya mtihani, kwa sababu mnunuzi akikuandikia kwamba anaondoka kwa ajili ya ankara, nawe ukamjibu kwa kumwahidi ndege ya mapema, atajua kwamba barua yake hukuisoma.

Sasa, kwa nini ubishi wetu uwe kwa Kiswahili? Mgeni akiingia hudhani amekosea mlango: makaratasi ya Kiingereza mezani, kelele zote za Kiswahili. Sababu ni hii. Mtu akijitetea kwa Kiingereza anaweza kukimbilia maneno ya kifungu chenyewe. Anayasoma kwa sauti, anayatilia mkazo, na inaonekana ameeleza. Kumbe amerudia tu. Kiswahili kinamnyima maficho hayo. Hakuna sentensi iliyo tayari ya kunakili, kwa hiyo maana lazima iwe imeingia kichwani kabla haijatoka mdomoni.

Tena Kiswahili kina ngeli, na ngeli zimenifaa darasani kuliko kitabu chochote cha mazoezi. Kiingereza kina kiwakilishi kidogo, "it", kinachobeba zabuni, punguzo, uamuzi, mzigo, ripoti, karibu chochote kisicho mtu. Watungaji wanakipenda. Utasoma kwamba zabuni ya msambazaji ilikubaliwa baada ya yeye kuongeza punguzo la bei, na kwamba Machi "it was withdrawn". Nini kiliondolewa? Kwa Kiingereza unaweza kuipita sentensi hiyo hujaelewa na usijue kwamba hujaelewa. Jaribu kuisimulia kwa Kiswahili. Ni "iliondolewa" au "liliondolewa"? Ikiwa ni zabuni, biashara imekufa. Ikiwa ni punguzo, biashara ipo ila bei imepanda. Mdomo unakataa kuendelea mpaka uchague, na ili uchague lazima urudi kwenye kifungu, usome sentensi inayofuata, ukute kwamba msambazaji aliendelea kuleta bidhaa hadi Juni kwa bei kamili. Basi ni punguzo, na tunasema "liliondolewa" kwa uhakika.

Nimewaona watu wakikwama pale pale, kwenye kiambishi, mkono hewani, wakitafuta sauti ya kwanza ya kitenzi. Mimi hufurahi wakikwama hapo. Tumepata mahali hasa ambapo maana ilipotea, na tumepapata bila mimi kuhubiri. Mzee wa benki ndiye aliyeanza kuwauliza wenzake, kabla ya swali lolote la mtihani, "Ni li au ni i?" Siku hizi chumba kizima kinaulizana hivyo.

Sehemu ya pili ya karatasi ndiyo inayonufaika zaidi na zoezi hili. Huko sentensi zimetolewa kwenye kifungu, nawe una mapengo matano ya kujaza kutoka kwenye orodha iliyochanganywa. Watu huzisoma sentensi hizo kwa kuangalia mada: pengo liko kwenye aya ya mishahara, kwa hiyo natafuta sentensi ya mishahara. Mtungaji ameliona hilo mapema, ameweka sentensi mbili za mishahara. Kinachotenganisha ni viunganishi na viashiria: sentensi inaanza kwa kusema "hatua hizi", basi lazima kabla ya pengo kuwe na hatua zaidi ya moja, inaanza kwa "hata hivyo", basi kabla yake lazima pawe na jambo linalopingwa. Tunaisimulia aya nzima kwa Kiswahili na pengo lake, tunafika kwenye pengo, tunajaribu sentensi kwa sauti. Isiyofaa hujulikana kwa sikio. Sikio la mtu aliyekua akisikia Kiswahili limezoea upatanisho tangu utotoni; ni hasara kubwa kuliacha nje ya mlango kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza.

Najua wapo walimu wasiokubaliana nami, na najua wanachokiogopa. Wanaogopa kwamba mtu hatafikiri kwa Kiingereza. Lakini wengi wetu tulisoma katika shule ambako aliyesikika akisema lugha ya nyumbani, na siku nyingine hata Kiswahili, alivishwa kibao shingoni akakibeba mpaka amnase mwenzake. Mtu wa miaka arobaini huingia chumbani kwangu bado akiwa na kibao kile. Ana wazo zuri kuhusu swali la nne, analinong'ona kwa jirani yake kwa Kiswahili, kisha nikimwomba alitaje kwa sauti ananipa Kiingereza cha maneno matatu, kilichopoteza wazo lote. Mimi nataka lile wazo. Kuzungumza Kiingereza kuna karatasi yake katika mtihani, dakika kama 14 za watahiniwa wawili mbele ya watahini wawili, na tuna siku tuliyoitenga kwa ajili yake. Jioni ya kusoma tunasoma, na kusoma ni kuelewa.

Sehemu ya nne sitaisemea sana. Ni kujaza nafasi kwa kuchagua neno moja kati ya manne, na dawa yake ni kusoma Kiingereza kingi cha biashara kwa miezi. Hakuna njia ya mkato huko.

Sehemu ya tano inastahili maneno zaidi, hasa kwa Wakenya. Unapewa barua au tangazo fupi lenye mistari 12. Katika mistari mingi kuna neno moja la ziada ambalo halikupaswa kuwapo, na mingine iko sawa. Ugumu wetu ni kwamba yapo maneno ya ziada ambayo Kiingereza chetu cha ofisini kimeyakaribisha kitambo. Tunasema "discuss about", tunasema "emphasize on", tunasema "return back", tunayasikia kwenye mikutano na kwenye redio, na sikio halishtuki. Hapa Kiswahili hakisaidii, na masimulizi hayasaidii, kwa kuwa maana ya mstari haiharibiki. Inabidi kusoma kwa namna nyingine kabisa: mstari kwa mstari, kidole chini ya kila kitenzi, ukiuliza kama kitenzi hicho kinalihitaji neno linalokifuata. Tunaweka daftari la pamoja la vitenzi hivi, na kila mtu huongeza anapokutana na kimoja kwenye barua ya kazini. Ni zoezi kavu, lakini maswali 12 kati ya 45 ni mengi mno kuyaacha.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kutunga majibu mabaya sisi wenyewe. Vifungu havitupungukii. Gazeti la serikali la MyGov hutoka kila Jumanne likiwa limejaa matangazo ya zabuni na ya kazi, na tangazo la zabuni limeandikwa kwa Kiingereza kile kile cha mtihani: nani anaruhusiwa kuomba, dhamana ya kiasi gani, bahasha zifike lini na saa ngapi, nani zimetengewa zabuni hizi. Kwa mujibu wa sera ya nchi, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na katika kundi letu wapo ambao wangeweza kuomba lakini hawajawahi kulimaliza tangazo moja. Tunachukua matangazo manne, tunaandika sentensi saba, kila moja ikiwa kweli kwa tangazo moja tu, na kundi la pili linatafuta ni lipi. Ndivyo sehemu ya kwanza ya karatasi ilivyo. Kisha tunaongeza maswali ya A mpaka D.

Ukimweka mtu kwenye kiti cha mtungaji, anaanza kuona. Mwanzoni wanatunga majibu mabaya ambayo hayamdanganyi yeyote, ya uongo mtupu. Halafu mmoja anagundua kwamba jibu baya bora lina ukweli ndani yake: jambo liko kwenye kifungu, ila lilitendwa na mtu mwingine, au lilitendwa mwaka uliotangulia. Mwingine anagundua nguvu ya kuongeza chumvi, kwamba kifungu kimesema "baadhi ya wateja" na jibu likasema "wateja". Mwingine anageuza sababu kuwa matokeo. Kijana wa vipuri ndiye mtungaji wetu hodari, nami sishangai. Amezoea kumsoma mteja akiwa bado mlangoni, anajua ni kitu gani kitamvuta macho. Siku aliyotunga swali lililowaangusha wenzake wote mara moja, alieleza kila jibu kwa utulivu: hili ni la anayesoma kichwa cha habari tu, hili ni la aliyeona tarehe, hili ni la mtu kama mama anayeijua kazi. Baada ya hapo alama zake mwenyewe zilianza kupanda.

Tunatumia pia maandishi ya kazini, majina yakiwa yamefutwa. Dada wa mapokezi alileta mkataba wa hoteli na wakala wa utalii. Kikundi cha watalii kilikuwa kimefuta vyumba siku chache kabla ya kufika, wakala anataka kurudishiwa pesa zake zote. Mkataba ulisema anayefuta vyumba zikiwa zimebaki chini ya siku 14 hulipa usiku wa kwanza, isipokuwa vyumba hivyo vikipata wageni wengine. Hotelini watu walikuwa wakibishana kuhusu zile siku 14. Chumbani kwetu, baada ya kusimuliana kwa Kiswahili, ubishi ulihamia mahali penyewe: je, vyumba vilipata wageni wengine? Hilo ndilo lililoamua nani anamdai nani, na hakuna aliyekuwa ameliuliza. Maneno haya madogo ya masharti, isipokuwa, mradi, hata kama, angalau, yasiyozidi, ndiyo yanayobeba pesa katika barua za biashara, na ndiyo yanayobeba alama katika mtihani. Tunayazungushia duara kwa kalamu kabla ya kuangalia swali lolote.

Kuhusu msamiati, wanaokuja kwangu huja na hofu kubwa kuliko inavyostahili. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue maneno 98 kati ya kila 100 katika maandishi kama riwaya na magazeti, anahitaji kujua familia za maneno (neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) zipatazo 8,000 hadi 9,000. Ni mzigo wa miaka mingi, na mtu mwenye kazi na watoto hataumaliza kabla ya mtihani. Kwa hiyo lazima ajifunze kuishi na maneno asiyoyajua. Tukikutana na neno geni nauliza swali moja: mstari unaobeba jibu unalitegemea? Ikiwa haulitegemei, tunalipita, hata kama linatuuma. Ikiwa unalitegemea, tunaangalia jirani zake, tunakisia kwa Kiswahili, tunaendelea. Kamusi hairuhusiwi kwenye chumba cha mtihani, na mtu aliyezoea kuigusa simu kila neno la pili atajikuta mpweke sana siku hiyo.

Nawasihi pia wapunguze kukusanya karatasi. Katika makundi ya WhatsApp mitihani ya zamani husambazwa kwa makumi, na watu hufanya mmoja usiku huu, mwingine kesho, wanahesabu alama, wanakasirika au wanafurahi, wanaendelea. Alama hazipandi. Karatasi moja ikikaa nasi wiki mbili, kila jibu baya likapewa sababu yake ya kuwa baya, inafundisha zaidi ya karatasi kumi zilizosahihishwa kwa haraka. Hili nalishikilia hata wanafunzi wakinung'unika kwamba tunakwenda polepole. Kasi huja baadaye, nayo huja yenyewe, kwa sababu kinachomchelewesha msomaji ni kurudi nyuma mara tatu kutafuta kitu ambacho hakukielewa mara ya kwanza.

Mwezi wa mwisho ndipo tunapoweka saa mezani. Dakika 60 kwa maswali 45 zinaonekana nyingi mpaka uingie sehemu ya tatu. Nashauri sehemu ya pili na ya tatu zipewe zaidi ya nusu ya muda, na ya tano isiachiwe dakika za mwisho, kwa kuwa kusahihisha mistari kwa macho yaliyochoka hakuendi. Majibu yaingizwe kwenye karatasi ya majibu ndani ya saa hiyo hiyo, maana hakuna muda wa nyongeza wa kunakili, na pasiachwe nafasi tupu hata moja: jibu likikosewa halipunguzi alama ulizozipata. Mambo haya hayachukui hata jioni moja kuyaeleza.

Naulizwa sana na watu wa Molo, Gilgil na Kisumu ambao hawana kundi la kubishana nalo. Wanasoma peke yao usiku, watoto wakilala. Kwao nina pendekezo ambalo mama wa banda la maua alilianzisha nyumbani kwake. Yeye humsomea mama mkwe wake, ambaye hakusoma Kiingereza kabisa. Anachukua kifungu, anamsimulia kwa Kiswahili, chote, bila kuruka. Bibi yule hana haya ya kuuliza. Nani alimwambia nani? Hiyo pesa ililipwa au iliahidiwa tu? Huyo meneja alijua kabla au baada? Mama akishindwa kujibu, anarudi kwenye karatasi na kutafuta mstari, huku bibi akimngoja. Anasema zaidi ya mara moja amefungua ukurasa wa maswali baada ya hapo akakuta mtungaji ameuliza lile lile alilouliza mama mkwe. Kwa hiyo mtafute mtu nyumbani, mzee au kijana, mwenye subira na udadisi, umsimulie barua ya biashara kila jioni kabla hujafungua ukurasa wa maswali. Asiporidhika na maelezo yako, usimkasirikie. Rudi juu ya ukurasa, anza tena na sentensi ya kwanza.